Goti la chuma la fundi Feruzi lakataa kukunjika

Saa moja asubuhi, na Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ndiyo kwanza inapuliza makaa ya chai. Uani kwake, Feruzi Abibu, fundi wa kufua shaba, ameketi kwenye kigoda. Amesimamisha gogo fupi kati ya magoti yake, na juu ya gogo amelaza sahani ya shaba yenye picha ya chui ambayo haijakamilika. Anainua nyundo na kugonga. Gogo linahama. Anagonga tena, safari hii gogo linaponyoka kabisa, na nyundo inatua pale ambapo chui alipaswa kuwa na jicho.

“Angalia sasa!” anafoka peke yake. “Nimemutoboa jicho, masikini ya Mungu!”

Kutoka mlango wa jikoni mkewe, Kulthumu, anamtazama mikono ikiwa kiunoni.

“Baba Alima, acha ile nyundo,” anasema. “Leo haiko siku ya kazi. Leo ni siku ya muguu.”

Chai imechemka na inapoa. Feruzi haruhusiwi kuinywa, wala kula chochote tangu jana usiku, na mkewe kwa upande wake amekataa kunywa peke yake. Kabla ya adhuhuri fundi huyu anatakiwa awe hospitalini, ambako Dokta Kabwe atalipima goti lake la kulia, lile la chuma, aliloshonewa karibu miezi miwili iliyopita.

Likikunjika kufikia pembe mraba, kama goti la mtu aliyekaa kitini, Feruzi anarudi nyumbani. Lisipokunjika, chumba cha upasuaji kiko tayari. Atachomwa dawa ya usingizi, na goti litakunjwa kwa nguvu akiwa amelala.

Kukunjwa kwenyewe hakuwatishi sana watu wa nyumba hii. Kinachowatisha ni usingizi. Mara ya kwanza Feruzi alipolazwa kwa ile dawa, aligoma kuamka.

“Mimi nilikuwa inje ya ule mulango ya kupasulia,” anasema Kulthumu. “Banesi banapita mbio, hakuna muntu ananiambia kintu. Mumoya tu akaniambia, mama, omba. Unajua maana ya kuambiwa omba? Sitaki kukaa pale tena. Sitaki kabisa.”

Ili kuelewa jinsi fundi wa shaba alivyofika kugombana na goti lake mwenyewe, ni lazima kuanza na miguu aliyozaliwa nayo.

Feruzi alikuwa na matege. Matege hasa, si ya kuficha kwa suruali pana. Alipokuwa mtoto wenzake walikuwa wakipitisha mpira katikati ya magoti yake bila kuyagusa, na wakampa jina la Mulango. Jina hilo limemfuata mpaka mvi. Hata leo kuna wazee wanaomsalimia barabarani, “Mulango, habari ya asubuhi?” naye anaitika, kwa sababu afanyeje?

Baba yake alikuja Lubumbashi kutoka Kasongo, huko Maniema, akiwa na biashara ya nguo na ujuzi wa kufua shaba. Biashara ilikufa, ujuzi ukabaki. Akamfundisha mwanawe kukaa chini, kubana gogo kati ya magoti, na kugonga polepole mpaka bamba tupu litoe sura ya tembo, ya mwanamke anayetwanga, au ya ramani ya Zaire.

Na hapo ndipo yale matege yalipogeuka mali. Gogo lilikaa ndani ya ule upinde wa miguu kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Mafundi wengine walihangaika na meza na vyuma vya kubania. Feruzi hakuhitaji.

“Magoti yangu njo etau yangu,” anasema, akimaanisha kile chombo cha chuma cha kubania vitu karakanani. “Nilikuwa nabana gogo, nageuza sahani na vidole, nagonga. Hata bafundi ba kule Kipushi balikuwa banakuya kuangalia.”

Katika miaka hii ya chama kimoja, kazi ya mapambo ya shaba haikosi wateja. Kila kiongozi anayepita mjini hupewa zawadi, na zawadi ya mji huu ni shaba. Sahani moja kubwa yenye chui ilikuwa inamletea Feruzi gunia zima la unga na chenji ya kununulia samaki. Tangu goti lishikwe, hajauza hata moja. Nyumba inaendeshwa na meza ya dagaa ya Kulthumu sokoni.

Goti lilianza kumuuma pole pole. Kwanza lilimsumbua wakati wa kusimama, kisha wakati wa kutembea, mwishowe hata akiwa amelala kitandani. Alipaka mafuta, alifunga majani, alimeza vidonge vya rangi zote. Siku aliposhindwa kwenda msikitini, jirani yake akamchukua kwa gari mpaka hospitali.

Dokta Kabwe ni mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Anavaa abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, chini ya koti jeupe, na humwita kila mgonjwa “citoyen”, yaani raia, awe mkubwa au mdogo. Alipoitazama picha ya mfupa alitikisa kichwa.

“Mguu ukipinda namna ile, uzito wote wa mwili unaangukia upande mmoja wa goti, ule wa ndani,” anaeleza. “Ni kama kiatu kinacholika kisigino upande mmoja. Yule citoyen alikuwa amekwisha lika mpaka mfupa unasaga mfupa. Hapo hakuna mafuta wala majani ya kumsaidia.”

Bahati ikamwangukia. Madaktari wageni wawili walikuwa wanakuja kwa muda mfupi, na katika mizigo yao walikuwa na magoti bandia machache. Dokta Kabwe angepasua pamoja nao. Ncha za mifupa zilizolika zingekatwa, zikavikwa chuma, na katikati pangewekwa plastiki ngumu. Na kwa kuwa mfupa ungekatwa upya, mguu ungenyooshwa, uzito upate kuanguka katikati.

Feruzi aliposikia neno kunyoosha alikaa wima.

“Nikamuambia, munganga, nyosha. Nyosha kabisa kabisa!” Anacheka akikumbuka. “Miaka yote ile banaita Mulango. Nilisema, leo mulango inafungwa.”

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kuamka ndiko kulikokuwa na shida. Wagonjwa wengine waliopasuliwa asubuhi ile walikuwa tayari wanaomba maji, na Feruzi bado analala, anapumua kwa kuvuta kama msumeno wenye kutu. Kulthumu alisimama nje ya ule mlango tangu jua la asubuhi mpaka vivuli vikarefuka. Mumewe alipofumbua macho, aliuliza kama kuna mtu aliyeingiza nyundo ndani, isije ikanyeshewa.

“Nilitaka kumupiga,” anasema Kulthumu. “Wallahi, nilitaka kumupiga na kumubusu pamoja.”

Nyumbani alipokelewa kama bwana harusi. Mguu wa kulia ulikuwa umenyooka kama fimbo, wa kushoto bado uko vile vile, na majirani hawakuchelewa. “Tazameni! Muguu moya ya Ulaya, muguu moya ya Katuba!” Feruzi mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka, akabetua mdomo, akautanguliza mguu ule wa Ulaya.

Lakini mguu kunyooka ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kukunjika, na hapo ndipo anapoingia Kapinga.

Kapinga ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Familia yake ilitoka Kasai, baba yake alikuwa mwalimu, na wagonjwa wengi wanamwita Mama Kine, kwa kufupisha jina la Kifaransa la kazi yake. Chumba chake kina kitanda kimoja, kamba ukutani, na sauti yake. Sauti hiyo inasikika mpaka kwenye geti.

“Goti jipya ukiliacha bila kulikunja, nyama ya ndani inajifunga,” anasema. “Kovu linashika kila mahali, linakuwa kama gundi. Zile wiki za mwanzo ndizo zinazoamua. Mtu anatakiwa akunje kila siku, asubuhi, mchana, jioni, alie kama anataka kulia, lakini akunje.”

Feruzi alikunja. Mbele yake alikunja vizuri, akitoka jasho na kumtaja Mungu. Ajabu ni kwamba kila aliporudi baada ya siku chache goti lilikuwa limekauka tena, gumu kama ubao. Kapinga akaanza upya. Likakauka tena.

Kapinga akaanza kuogopa kwamba mfupa ulikatwa vibaya. Dokta Kabwe akapiga picha nyingine. Chuma kilikaa mahali pake, mguu umenyooka, uzito unaanguka katikati kama ilivyotakiwa.

“Picha ilikuwa nzuri kuliko mgonjwa,” anasema Kapinga. “Nikajiuliza, basi huyu baba ana nini? Nikaona dawa ni kumfuata kwake bila kumwambia.”

Alifika Katuba mchana wa jua kali. Alichokikuta uani kilimfanya asimame kimya, na wanaomjua wanasema hilo si jambo la kawaida.

Feruzi alikuwa amejilaza mkekani. Mguu wa kulia ulinyooshwa juu ya gunia la maranda, umefungwa kitambaa chenye mchanga wa moto, na pembeni yake kulikuwa na beseni la maji baridi. Kulthumu alikuwa amekaa karibu na upepeo, akimfukuza kila aliyetaka kuukaribia ule mguu. Hata swala, mumewe alikuwa anaiswali akiwa ameketi, mguu mbele.

“Baba Feruzi, hii ni nini?” Kapinga aliuliza. “Mazoezi yangu iko wapi?”

“Mazoezi ninafanya kwako, mama.”

“Na huku?”

“Huku ninaichunga.”

“Unaichunga na nini?”

Fundi akamwambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: “Mama Kapinga, wewe unajua nyama. Miye ninajua chuma. Shaba ukiikunja, ukiinyosha, ukiikunja tena, inakasirika. Inakuwa ngumu. Ukiendelea, inapasuka. Inatakiwa uipashe moto, uitie mu maji, uiache itulie. Munaniwekea chuma mu goti, halafu munaniambia nikunje asubuhi, mchana na jioni! Itapasuka mbele ya mwaka kwisha. Na bale bageni bamekwisha kwenda. Nani atanipatia ingine?”

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Uvivu haukuwamo, wala woga wa maumivu. Mtu aliyeshika nyundo tangu utoto alikuwa anailinda kazi ya watu kwa akili yake ya ufundi, na akili hiyo ilikuwa inaliua goti. Kila Kapinga alichokikunja hospitalini, Feruzi alikwenda nyumbani kukipumzisha, kukipasha na kukipoza, kama bamba la chui. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe, na hata yeye alidanganywa kwamba ni amri ya daktari.

Kulthumu alisimama na upepeo mkononi.

“Ulisema ni dokta!” alipaza sauti. “Uliniambia dokta njo anakataza kukunja! Miye nafukuza bantu, nafukuza hata dada yako, kumbe niko nasaidia kuua goti yako!”

“Mama Alima…”

“Usiniite! Usiniite sasa hivi!”

Akaingia ndani. Majirani wanasema hakumpa mumewe neno kwa siku mbili, na chakula alikuwa anakiweka mlangoni.

Kapinga hakubishana na fundi. Alirudi hospitalini, akamwomba Dokta Kabwe kile kipande cha kujaribia ambacho wageni walikiacha, goti bandia lisiloingia mwilini mwa mtu. Siku iliyofuata, Feruzi alipokuja kwenye mazoezi, alimwekea goti hilo mapajani.

Fundi alilishika kama anavyoshika kila chuma. Alilipima uzito, akaligonga kwa ukucha akasikiliza, akaliweka karibu na jicho. Upande wa juu ni chuma cha mviringo kinachong’aa. Upande wa chini ni plastiki nyeupe yenye bonde. Alikitelezesha cha juu juu ya cha chini, mbele na nyuma. Akarudia tena na tena.

“Haikunjike,” alisema mwishowe.

“Haikunjike,” Kapinga alijibu.

“Inateleza tu.”

“Inateleza tu, baba. Hakuna mahali chuma inapinda. Inayokunjika ni nyama yako, na nyama haikasirike kama shaba. Nyama inakasirika ukiiacha.”

Feruzi alikilaza kile kipande kitandani, akajifunika uso kwa viganja viwili. “Aibu ilinishika mpaka kwa masikio,” anakiri. “Nilikuwa na uhakika. Ile njo mbaya, nilikuwa na uhakika!”

Wiki zilizofuata hazikuwa za mchezo. Kovu lilikuwa limekwisha kujifunga. Asubuhi Feruzi alifunga kikwembe cha mkewe, kile kitenge cha kujifunga, kwenye kifundo cha mguu, akapitisha ncha zake mabegani na kuvuta kisigino kije nyuma, huku akipiga kelele. Kelele hizo zilimleta mjumbe wa chama wa mtaa, aliyekuja kwa adabu kuuliza kama mama wa nyumba hii anampiga bwana wake.

“Bado,” Kulthumu alimjibu. “Lakini hauko mbali na ukweli.”

Ndiyo, alikuwa amekwisha rudi kusema naye. Alikuwa anaketi nyuma yake wakati wa kuvuta, mgongo kwa mgongo, ili mumewe asianguke. Goti likaanza kuachia kidogo kidogo. Ila muda ulikuwa umepotea, na Dokta Kabwe hana desturi ya kubembeleza. Alisema akingoja zaidi kovu litakuwa gumu kiasi kwamba kulikunja kwa nguvu kunaweza kuvunja mfupa wenyewe. Akataja siku. Siku yenyewe ndiyo leo.

Saa nne asubuhi, kwenye benchi la hospitali. Feruzi amevaa kanzu safi. Kulthumu amebeba mfuko wenye shuka, sabuni na kikombe, vitu vya mtu anayelazwa. Muuguzi anapita na kumuuliza kama kweli hajala kitu, na Feruzi anajibu kwamba hajala.

“Ninaogopa,” anasema bila kuulizwa. “Basi. Niseme nini? Ninaogopa kulala.”

Wanaitwa. Kulthumu anaambiwa abaki nje.

Ndani, Feruzi anakaa kwenye ukingo wa kitanda. Dokta Kabwe anachukua kipimo chake, vijiti viwili vya plastiki vilivyofungwa kwa msumari mmoja, kimoja kinafuata paja na kingine mguu. Anashika kifundo na kuanza kukunja. Paja la Feruzi linakaza papo hapo, misuli inasimama. Daktari anaongeza nguvu. Mgonjwa anauma meno.

“Sabini na tano,” anasema daktari. Anairudia tena, kwa sauti ya chini. “Sabini na tano. Citoyen Feruzi, mimi nilikueleza.”

Digrii tisini, ile pembe mraba, ndiyo inayotakiwa. Kwenye mlango wa pili yule wa dawa ya usingizi amekwisha chungulia, kofia kichwani.

“Dokta,” anasema Kapinga, aliyesimama kando ya meza, “unamshika, na yeye anajibana kwa woga. Mwache akunje mwenyewe.”

“Chumba kinangoja, mama.”

“Dakika tano tu. Nakuomba.”

Daktari anatazama saa yake. Wakati huo huo kunasikika ugomvi mlangoni, muuguzi anasema haiwezekani, na mlango unafunguka hata hivyo. Kulthumu anaingia na mfuko wake wa shuka.

“Nilisema sikai tena inje,” anatangaza. “Mutanitoa na polisi.”

Hakuna anayemtoa. Anauweka mfuko chini, anakaa sakafuni mbele ya mumewe, hapo hapo kwenye sementi, macho yake yakiwa sawa na lile goti.

“Baba Alima. Niangalie miye, usiangalie munganga.”

Feruzi anamwangalia.

“Uko unaogopa itapasuka. Ungali unaogopa. Ninakujua.”

Fundi anaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

“Nilichunga hii goti na wewe, nikafukuza bantu bote. Miye ule ule ninakuambia leo: kunja.”

Anaanza. Kisigino kinarudi nyuma chini ya kitanda, polepole mno, kidole kwa kidole. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Kapinga ameshika ukingo wa meza. Mguu unasimama. Unatetemeka. Unasogea tena.

Halafu ndani ya goti kinalia kitu. Kwaa! Chumba kizima kinasikia.

Uso wa Feruzi unapauka. “Imepasuka,” ananong’ona. “Mama Alima, imepasuka.”

Daktari ameshainama. Anapapasa pande zote mbili, anabonyeza juu, anabonyeza chini, anatikisa mguu kulia na kushoto. Inachukua muda. Kulthumu amefumba macho na midomo yake inacheza.

“Chuma hakijaguswa,” anasema Dokta Kabwe. “Ni kovu limeachia.”

“Endelea, baba!” Kapinga anapiga kelele, sauti ile ya mpaka kwenye geti. “Sasa hivi, lingali limeachia! Endelea!”

Feruzi analia waziwazi, machozi na jasho pamoja, na kisigino kinaingia chini ya kitanda, kinaendelea kuingia, mpaka kinagusa mguu wa chuma wa kitanda na hakina pa kwenda tena. Daktari anaweka vijiti vyake. Anavitazama, anavitoa, anaviweka tena kama mtu asiyeamini jicho lake.

“Tisini na mbili.”

Daktari anageuka kwenye mlango wa pili.

“Mwambieni yule wa usingizi aende akale.”

Kulthumu hainuki. Analaza paji la uso juu ya lile goti, kovu jekundu na yote, na mabega yake yanatikisika. Kapinga anajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Yule muuguzi aliyegombana mlangoni analeta chai ya maziwa na mkate, na Feruzi anakula kwa pupa kama mtu aliyetoka shamba.

Kazi bado ndefu. Kapinga anamkumbusha kwamba goti la tisini na mbili leo linaweza kuwa la sabini wiki ijayo akilala nalo. Kikwembe kiendelee asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi. Feruzi anaitikia kila neno, mdomo umejaa mkate.

Kisha anayatazama magoti yake mawili yaliyokaa pamoja ukingoni mwa kitanda, moja limenyooka, jingine limekwenda nje kama lilivyozaliwa. Anajaribu kuyakutanisha. Hayakutani.

“Munganga,” anaita. “Bale bageni batarudia lini?”

“Walisema kiangazi cha mwaka kesho. Kwa nini?”

Feruzi anaweka kiganja juu ya goti la kushoto. “Hii nayo inaanza kuuma. Na hata isingeuma. Moya imenyooka, moya imepinda, kazi haishikike. Ninataka munyoshe na hii. Nibane tena na magoti mbili za kufanana, nirudie kwa kazi yangu.”

Dokta Kabwe anamwangalia. “Unajua maana yake, citoyen? Ni kulala tena.”

“Ninajua.”

Wote wanamgeukia Kulthumu, ambaye bado yuko chini sakafuni, mkono wake juu ya goti lililokubali kukunjika asubuhi hii. Anafuta uso kwa ncha ya kikwembe. Anainuka, anauchukua mfuko wake wa shuka, anaukumbatia kifuani.

“Miezi yote ile nilikuwa naomba usilale tena,” anamwambia mumewe. “Na haujamaliza hata chai.”

Feruzi anakitazama kikombe mkononi mwake.

“Sawa,” anasema Kulthumu, na sasa anaongea na Kapinga. “Lakini ile siku, mama, unitafutie kitanda pembeni yake. Siko nangojea mu mulango tena. Bakimulalisha, banilalishe na miye.”

Daktari anacheka. Kulthumu hacheki, na Feruzi, aliyeishi naye miaka yote hiyo, anaujua uso ule.

“Munganga, umesikia,” anasema fundi, akiweka kikombe chini. “Andika bantu babili.”